Heshima ya Mtu na Glasi ya Bia

Kuna maneno yaingiayo mlangoni, na kuna maneno yaingiayo dirishani. Hoja hupita mlangoni: hupiga hodi, hutaja jina lake, nawe mwenye nyumba waweza kuikaribisha au kuifukuza. Wimbo, picha na machozi havingoji hodi. Unapogutuka, vimekwisha kuketi ndani navyo vinakula pamoja na watoto wako.

Watengenezaji wa matangazo ya televisheni wanalijua dirisha hilo. Hapa Kisangani twayaona matangazo yao kila siku: ndani ya nganda, sebuleni umeme wa Tshopo unapokuwapo, na siku hizi hata katika simu za vijana. Wengi wetu hudhani ni mchezo tu wa kupitisha wakati mpaka mpira urudi. Sivyo. Ni kazi ya watu wenye akili nyingi na fedha nyingi, wanaofahamu kwamba mara nyingi mtu hununua kwa moyo kwanza, kisha huitafutia akili yake sababu.

Basi yafaa tutwae tangazo moja, tulifungue kama fundi afunguavyo saa, tuone gurudumu gani linasukuma gurudumu gani. Nimechagua tangazo zuri, maana kulilaumu tangazo baya ni kazi ya mtoto. Tena nimechagua moja linalotumia jina la Kongo, kwa sababu mtu asiyejua jinsi jina lake linavyotumiwa sokoni hawezi kulilinda.

Watu wa Sape mbele ya Waingereza

Mwezi wa Januari 2014 kampuni ya bia ya Guinness ilianza kuonyesha tangazo jipya katika televisheni ya Uingereza. Guinness ni bia nyeusi ya Ireland. Kiwanda chake cha Dublin kilianza mwaka 1759, na leo ni mali ya kampuni kubwa ya Diageo yenye makao yake London. Lakini katika tangazo hilo hamkuwa na Mwairishi wala Mwingereza. Walikuwamo Wakongo, watu wa Sape kutoka Brazzaville, ng'ambo ya mto mbele ya Kinshasa.

Habari yenyewe ni fupi, haifiki dakika mbili. Twawaona wanaume katika kazi nzito za mikono. Mmoja yumo shambani penye moto na moshi. Kazi inakwisha. Wananawa, wanatoa vumbi mwilini, wanavaa. Suti za rangi kali, tai, kofia, viatu vinavyong'aa. Wanatembea kwa madaha, kisha wanakutana mahali pa kunywea. Kila mmoja anajionyesha, na wenzake wanamshangilia. Sauti ya mwanamume yasimulia kwa Kiingereza. Maana ya maneno yake ni hii: katika maisha haya mtu hachagui sikuzote kazi atakayofanya, lakini aweza kuchagua awe mtu wa namna gani. Mwishoni ndipo bia inapoonekana.

Watu wengi waliolitazama walilipenda, nami siwashangai. Tujiulize: limewagusaje?

Sape ilitoka wapi

Kwanza yatupasa kuwajua watu hao, maana tangazo halituelezi. Sape ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yanayotaja chama cha watu wenye kuchangamsha shughuli na wenye umaridadi. Mizizi yake ni ya wakati wa ukoloni. Watumishi wa nyumbani, Brazzaville na Léopoldville, walikuwa wakipewa nguo kuukuu za mabwana wao, nao wakajifunza kuzivaa vizuri kuliko mabwana wenyewe. Wengi humtaja pia André Matsoua, mtu wa upande wa Brazzaville, aliyeanzisha chama cha kuwasaidia Waafrika mjini Paris mwaka 1926, akadai haki za watu wake, akafa gerezani mwaka 1942. Kwa mtu aliyehesabiwa kuwa mtoto, kuvaa kama mwungwana kulikuwa ni kusema: mimi ni mtu mzima.

Upande wetu wa mto, mambo yalichukua njia nyingine. Tangu mapema katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu uliwakataza wanaume suti ya Kizungu na tai, ukawavalisha abakosi. Amri hiyo iliondoka mwaka 1990 tu. Katika miaka hiyo kijana wa Kinshasa aliyevaa koti la Paris alikuwa akijibishana na serikali bila kufungua kinywa. Papa Wemba, aliyezaliwa Lubefu mwaka 1949 akafariki Abidjan mwaka 2016 akiwa jukwaani, ndiye aliyeieneza Sape kwa nyimbo na kwa mwili wake. Mwenzake Stervos Niarcos, aliyefariki Paris mwaka 1995, alifikia kuiita dini, dini ya kitendi, yaani dini ya kitambaa.

Neno hilo la dini tulikumbuke. Litaturudia.

Mwendo wa ibada

Tazameni mpangilio wa tangazo. Kwanza jasho. Kisha maji. Kisha mavazi. Kisha mwendo wa madaha njiani. Kisha kusanyiko la ndugu. Mwisho kinywaji.

Mkristu anayehudhuria Misa aujua mwendo huu hata akifumba macho. Twatoka katika kazi za juma, twajinyunyizia maji mlangoni, padri avaa mavazi yake, maandamano yaingia, ndugu wakusanyika, na kikombe chawekwa juu ya meza. Hata wazee wetu, kabla ya wamisionari kufika hapa katika mwaka 1897, walikuwa na mwendo wa namna hiyo walipowatoa vijana jandoni: kijana aliteswa kidogo, akaoshwa, akavikwa vipya, akarudishwa kijijini kwa shangwe.

Sisemi kwamba watengenezaji wa tangazo walikusudia kuliiga Kanisa. Huenda hawakufikiri habari za Kanisa hata kidogo. Lakini walijua, kwa ujuzi wa kazi yao, kwamba moyo wa binadamu umezoea njia hiyo tangu zamani. Mtazamaji akianza kuifuata, anajua pasipo kuambiwa kwamba mwishoni pana kitu kitakatifu kinachomngoja. Anasogea kwa heshima, hatua kwa hatua, na anapofika mezani anakuta bia.

Hilo ndilo gurudumu la kwanza, nalo ndilo kubwa. Bia haikupewa sifa yoyote. Imewekwa tu mahali ambapo moyo ulikuwa tayari kuinama.

Asiyesema neno hashikwi kwa neno

Gurudumu la pili ni ukimya. Tangazo halisemi kwamba Guinness ni tamu, wala ni rahisi, wala inashinda bia nyingine. Kama lingesema hivyo, tungeweza kujibu: sisi twaona ni chungu, kule kwa jirani bei yake ni ndogo. Neno lililosemwa laweza kupingwa. Tangazo hili limesema habari ya bidhaa yake karibu hakuna, na asiyesema neno hashikwi kwa neno. Lilichosema ni kwamba mtu aweza kuwa na heshima ingawa ni maskini. Nani atasimama kulipinga hilo? Nawe ukiisha kuitikia ndiyo kwa moyo wote, bia imesimama karibu, inaipokea ndiyo yako kana kwamba iliombwa nayo.

Linganisheni na desturi yetu ya zamani. Mwaka 1973 Franco Luambo na kundi lake la O.K. Jazz walitoa wimbo uitwao Azda. Azda lilikuwa shirika lililouza magari ya Volkswagen katika Zaire. Wimbo ulipendwa sana, ukachezwa hata mbali na nchi yetu, na wengi walioucheza hawakupata kamwe kununua gari. Lakini angalieni uaminifu wake: wimbo ule ulilitaja gari waziwazi, ukalirudia tena na tena. Mchezaji alijua kwamba anachezeshwa kwa ajili ya mfanyabiashara. Furaha ilikuwa furaha, na biashara ilikuwa biashara. Vyote viwili vilisimama mbele ya macho. Hata leo mwanamuziki wetu akitaja ndani ya wimbo jina la tajiri aliyempa fedha, desturi ambayo Kinshasa huiita libanga, kila msikilizaji anajua kwamba jina hilo limelipiwa. Tangazo la Guinness lafanya kinyume. Linaificha biashara mpaka moyo ulainike.

Gurudumu la tatu ni muziki. Nyuma ya picha mnasikika wimbo wa kundi la Waingereza liitwalo The Heavy, na jina la wimbo lauliza ni kitu gani kinachomfanya mwanamume kuwa mwema. Ni swali kubwa. Vitabu vya hekima vya Biblia vimelijibu kwa kurasa nyingi. Hapa swali linaulizwa kwa ngoma na sauti za nguvu, na hakuna anayelijibu. Macho ndiyo yanayojibu: wema ni suti, ndugu, na glasi mkononi.

Yaliyoachwa nje

Anayetengeneza tangazo huchagua la kuonyesha na la kuacha. Mhakiki hutazama zaidi lile lililoachwa.

Kwanza, nchi yenyewe imeachwa. Watu ni wa Brazzaville, lakini picha zilipigwa Afrika Kusini. Barabara ile na moshi ule, ambavyo Mwingereza aliviona akasema, kumbe hii ndiyo Kongo, si vya Kongo. Tena ni Kongo ipi? Ziko mbili, na mto katikati. Kwa muuzaji wa bia jina latosha.

Pili, neno moja limeachwa. Jina la Sape lina sehemu mbili: uchangamfu na umaridadi. Katika tangazo chama kinatajwa kwa umaridadi tu. Ni jambo dogo, lakini lina maana. Watu wa Sape ni wacheshi. Wanataniana, wanajigamba, wanajua kwamba mchezo wao una kichekesho ndani yake. Tangazo limeondoa kicheko, likaacha uzito, kwa sababu kicheko kingemwamsha mtazamaji.

Tatu, hesabu imeachwa. Viatu vile vilinunuliwa kwa fedha gani? Watu wa Sape wenyewe hawafichi kwamba wengine hukopa, wengine huazima koti kwa siku moja, na wengine wameiweka nguo mbele ya chakula cha watoto. Wake zao na watoto wao si sehemu ya masimulizi. Ni habari ya wanaume peke yao.

Nne, sababu imeachwa. Tangazo lasema kwamba mtu hachagui sikuzote kazi yake. Kweli. Lakini kwa nini hachagui? Nani alipata faida ya kazi hiyo? Kwa nini Bacongo, mtaa wa Sape kule Brazzaville, uliharibiwa na vita mwishoni mwa miaka ya 1990? Umaskini katika tangazo umekuwa kama mvua, kitu kinachotoka mbinguni bila mwenyewe. Mtazamaji anasifu jinsi maskini alivyovaa, wala hasukumwi kuuliza kwa nini ni maskini.

Haki yake tuipe

Wengine watasema: Mhakiki, wewe waona ubaya tu. La. Tuwe watu wa haki.

Kwa miaka mingi Mwafrika alipoingia katika televisheni ya Ulaya aliingia akinyosha mkono. Alikuwa mtoto mwenye tumbo lililovimba na nzi machoni; mtazamaji alimhurumia, akatoa fedha, akabaki na wazo kwamba kule Afrika hakuna mtu mzima. Picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliokoa maisha ya watu, lakini ziliacha pia wazo hilo nyuma yake. Tangazo la mwaka 2014 halimwombi Mwingereza amhurumie Mkongo. Linamwomba amstahi, hata ajifunze kwake. Hilo ni jambo jema, na hatulisemi kwa kinyongo.

Tena analosema msimulizi ni kweli, nasi hapa Kisangani twalijua kabla ya kuambiwa na mtu wa matangazo. Waliopita vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana kwa makombora juu ya vichwa vyetu, wanajua kwamba mtu aliyepoteza nyumba aweza bado kufua shati lake la pekee na kwenda nalo Misa. Shati lile halikuwa kiburi. Lilikuwa ushuhuda kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake, na kombora haliwezi kuufuta mfano huo.

Basi kosa si kwamba tangazo limesema uongo juu ya heshima. Limesema kweli juu ya heshima, kisha likaitia kweli hiyo katika biashara isiyo yake.

Jaribio la kuondoa chupa

Nawapa wasomaji jaribio jepesi, ambalo hata mtoto wa shule aweza kulitumia. Katika mawazo yenu, ondoeni bidhaa ndani ya tangazo, kisha mwulize: je, habari imevunjika?

Ondoeni bia katika habari ya watu wa Sape. Wanaume wametoka kazini, wamenawa, wamevaa, wamekutana, wameshangiliana. Hakuna kilichopungua. Wangeweza kunywa maji, au wasinywe kitu, na heshima yao ingebaki kama ilivyo. Sasa iacheni bia peke yake juu ya meza, ondoeni watu. Kimebaki nini? Kinywaji cheusi chenye povu. Basi ni nani anayemtegemea mwenzake? Si watu wanaohitaji bia. Bia ndiyo inayowahitaji watu.

Jaribuni na tangazo jingine. Mwezi wa Machi 2007, huko Kenya, kampuni ya Safaricom ilianza huduma ya M-Pesa, ya kutuma fedha kwa simu. Vodacom iliileta huduma hiyo kwetu Kongo mwaka 2012. Wito wake wa kwanza kule Kenya ulikuwa kuwahimiza watu watume fedha nyumbani. Hapo nako moyo uliguswa: mtoto aliye mjini na wazazi waliobaki kijijini. Lakini ondoeni huduma hiyo, na habari inakwama. Fedha za mtoto haziwafikii wazee wake, au zinapitia mkononi mwa dereva wa basi ambaye pengine atafika nazo na pengine hatafika. Hapo bidhaa inaubeba upendo kweli, ingawa kampuni inajilipa ada yake. Moyo umeguswa juu ya jambo ambalo bidhaa inalifanya.

Kwa hiyo tusiseme kwamba kila tangazo linalogusa moyo ni hila. Mungu ametupa moyo ili uguswe. Swali ni hili: hisia iliyoamshwa ni ya bidhaa hiyo, au imeazimwa kwingine bila ruhusa?

Machozi yasiyo na kazi

Mtakatifu Augustino alikuwa mwalimu wa ufasaha kabla ya kuwa askofu, tena aliuza maneno kama hawa wauzavyo picha. Katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, akimfuata Cicero, alisema kwamba msemaji ana kazi tatu: kufundisha, kupendeza, na kuugeuza moyo. Hakukataza kuugeuza moyo. Alitaka tu ugeuzwe kuelekea jambo la kweli.

Na katika Maungamo yake alieleza jinsi alivyopenda michezo ya kuigiza huko Karthago alipokuwa kijana. Alishangazwa na jambo moja: mtazamaji huhuzunikia mateso ya watu wa mchezo, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyofurahi, lakini hakuna anayemwita aje kusaidia. Ni huruma isiyo na kazi.

Tangazo la televisheni limekwenda mbele kuliko michezo ya Karthago. Halituachi na hisia isiyo na kazi. Linaipa hisia kazi, na kazi yenyewe ni kununua. Msamaria mwema alipomwona mtu aliyejeruhiwa alisikia huruma, akashuka, akamfunga vidonda, akalipa fedha za nyumba ya wageni. Huruma yake ilimfikia yule yule aliyeiamsha. Katika tangazo hili, mtu wa Brazzaville ndiye anayekuamshia moyo, lakini fedha yako yaenda kwa mwenye kiwanda. Moyo umeshiba ukidhani umetenda jambo jema, kumbe umenunua kinywaji tu.

Papo hapo pana hatari kubwa kuliko fedha. Moyo ukizoea kuridhishwa kwa njia fupi namna hiyo, huchoka na njia ndefu. Njia ndefu ya heshima ni kulipa deni, kumsomesha binti, kukataa rushwa, kumwomba mke msamaha. Hayo hayana wimbo nyuma yake.

Kanisa lasemaje

Kanisa halikunyamaza katika jambo hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya habari tarehe 4 Desemba 1963. Na mwezi wa Februari 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati iliyo juu ya matangazo ya biashara peke yake. Hati hiyo haikuyahukumu yote. Ilisema kwamba tangazo ni chombo, na chombo chaweza kutumiwa vema au vibaya. Kisha ikaweka mambo matatu ya kuyapimia: ukweli, heshima ya utu, na wajibu kwa jamii.

Tulipime letu. Kwa ukweli, halikusema uongo wa wazi, ila limeonyesha nchi isiyo ile na limenyamazia mengi. Kwa heshima ya utu, limewainua watu wa Sape machoni pa Wazungu, lakini limeifanya heshima hiyo hiyo kuwa chambo. Kwa wajibu kwa jamii, limefundisha kwamba mwisho wa siku ya jasho, mahali pa mwanamume kujiona mtu ni penye pombe. Hapo ndipo linaposhindwa kabisa.

Tusieleweke vibaya. Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai kule Kana, na Maandiko hayamlaumu anywaye kwa kiasi. Bia kama bia si dhambi. Lakini bia inayojiita heshima imevaa koti la kuazima.

Mambo ya kwetu

Msiseme kwamba hayo ni mambo ya Waingereza. Katika miaka ya 2000 Kinshasa iliona viwanda viwili vikishindana kwa wanamuziki: Bralima, wenye bia ya Primus, iliyojenga kiwanda hata hapa Kisangani, na Bracongo, wenye Skol. Werrason alisimama upande wa Primus, JB Mpiana upande wa Skol, na mashabiki wakagawanyika, kana kwamba kuchagua chupa ni kuchagua ndugu. Nayo bia ya Turbo King ilijitangaza kuwa ni jambo la wanaume. Tazameni: hapa urafiki umeazimwa, pale uanaume umeazimwa. Yafanyieni jaribio la kuondoa chupa. Ndugu watabaki ndugu, na mwanamume atabaki mwanamume.

Kwa mtazamaji wa London, mwenye mshahara wa mwezi na friji iliyojaa, somo hilo lina madhara kidogo. Kwetu ni jambo jingine. Mwendesha toleka aliyekanyaga baiskeli tangu alfajiri, kutoka Mangobo mpaka soko kuu, jioni ana faranga chache mfukoni na njia mbili mbele yake. Njia moja yaenda nyumbani, ambako atakutwa na maswali ya sombe, ya mkaa na ya karo ya shule. Njia nyingine yaenda nganda, ambako atashangiliwa. Tangazo limemwambia, kwa picha nzuri kuliko mahubiri yetu, kwamba mtu hujipatia heshima katika njia ya pili. Asipopata mtu wa kumwambia vingine, nani atamlaumu?

Hapo, wapenzi wasomaji, lawama kidogo yatuangukia sisi. Ikiwa mtu huyu anashangiliwa nganda tu, ni kwa kuwa sisi hatumshangilii mahali pengine. Ni lini katika jumuiya zetu ndogo za Kikristo tulimsifu mbele ya watu baba aliyerudi nyumbani na fedha zake zote? Ni lini watoto walifundishwa kumpokea kwa shangwe mtu aliyetoka kazini akiwa na vumbi, kabla hajavaa suti? Mtengenezaji wa tangazo ameona njaa ya heshima iliyo ndani ya watu, akaijibu kwa chupa. Tukimlaumu yeye bila kuilisha njaa hiyo, tumefanya nusu ya kazi.

La kufanya

Walimu na wazazi, msizime televisheni kwa hasira. Watoto wataifuata kwa jirani. Kaeni nao, na tangazo likiisha mwaulize maswali manne. Tangazo hili limenifanya nisikie nini? Hisia hiyo ilikuwa ya nani kabla ya kutumiwa hapa? Nikiiondoa bidhaa, habari yabaki nzima au yavunjika? Na ni nani ambaye hakuonyeshwa? Mtoto aliyezoea maswali hayo anaweza kuupenda wimbo, akausifu ufundi wa mpiga picha, hata akacheka na kucheza, lakini fedha zake zitabaki mfukoni mpaka akili yake nayo ikubali.

Na wewe mwanamume wa Kisangani, ukitoka kazini jioni, oga, vaa shati lako safi, tembea wima barabarani. Ni haki yako, nawe huna deni kwa mtu yeyote kwa ajili yake. Kisha uende nalo nyumbani, wakuone watoto wako.